Zaka Huja na Korosho, Gharama Hazina Msimu

Minada ya korosho ghafi mkoani Mtwara hufunguliwa kila mwaka ifikapo Oktoba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/08, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), zikaenda ghala kuu, zikapigwa mnada, ndipo fedha zikaingia kwenye akaunti yake. Kwa familia za Kikatoliki kuanzia Newala na Tandahimba hadi bonde la Ruvuma, hizo ndizo siku za kutoa zaka na kutimiza ahadi za ujenzi. Lakini posho ya katekista na mafuta ya pikipiki ya paroko anayezunguka vigangoni vinahitajika Machi sawa na Novemba. Anayetaka kulitegemeza Kanisa katika pwani hii lazima aanze na pengo hilo. Linazibwa na uwakili wa pande mbili: wa anayetoa na wa anayepokea.

Kwa miaka mingi pengo hilo halikuonekana, kwa sababu fedha zilitoka ng'ambo. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Nyangao mwaka uliofuata. Zote mbili ziliharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda. Hapo palikua hospitali, shule, karakana na uchapaji, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili wa Ulaya. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, makatekista wenyeji ndio waliobaki wakifundisha na kuwakusanya waumini. Muda na nguvu zao vilikuwa sadaka kabla ya shilingi yoyote, na hadi leo kigango kisicho na padri wa kudumu husimama kwa mtu kama huyo.

Mwaka 1969 Papa Paulo VI aliwaambia Waafrika mjini Kampala kwamba sasa wao ni wamisionari wao wenyewe. Desemba 1972 Jimbo la Mtwara likaundwa, Askofu Maurus Libaba akiwa wa kwanza kuliongoza. Kanisa likishakuwa na askofu, mapadri na masista waliozaliwa hapa, mzigo wa kulilisha nao unahamia kwa waliozaliwa hapa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inautaja wajibu huo waziwazi. Kanuni ya 222 inawataka waumini kusaidia mahitaji ya ibada, utume, matendo ya huruma na riziki ya wahudumu. Tuyaangalie matendo ya huruma hapa kwetu. Vijiji vingi vya pwani vina Waislamu wengi na Wakatoliki wachache, na hospitali ya Ndanda inamtibu kila anayefika bila kumuuliza dini yake. Unapotoa kwa ajili ya huduma za namna hiyo, unamtolea jirani yako, awe anasali kanisani au msikitini.

Sheria hiyohiyo inambana mpokeaji. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 1267 inasema kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu: mchango wa mabati haugeuki kuwa matengenezo ya gari, hata gari likiwa limelala barabarani. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawatolee waumini hesabu ya walichotoa. Kwa hiyo mwanajumuiya anayeuliza matumizi anafuata sheria ya Kanisa lake, na wala hamkosei paroko heshima.

Turudi kwenye msimu. Tuseme parokia hupata shilingi milioni 24 kwa mwaka, na milioni 15 kati ya hizo huingia kuanzia Novemba hadi Januari. Matumizi ni milioni 2 kila mwezi. Katika miezi hiyo mitatu itatumia milioni 6 na kubaki na 9. Miezi tisa inayofuata itaingiza milioni 9 tu, ilhali inahitaji 18. Akiba ya milioni 9 ndiyo inayokamilisha mwaka. Wakiitumia yote Januari kwa ujenzi wa ghafla, ifikapo Mei watapitisha mchango wa dharura, wakati nyumba nyingi hazina kitu. Watu huona wanaombwa kila mara, nao huchoka kutoa. Kumbe mapato ya mwaka yalitosha. Kilichokosekana ni bajeti.

Njia ya kuzuia hali hiyo inajulikana. Kamati ya fedha ipange bajeti kabla ya minada, na halmashauri ya walei iijadili. Fedha za msimu zigawanywe kwa miezi 12, akiba ikae benki. Michango inayopita kwenye simu iingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la parokia, wala si la mtu. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila robo mwaka na ifike hadi kwenye jumuiya ndogo ndogo. Anayevuna mihogo au ufuta na hana fedha apokelewe mazao yake, yapimwe, yaandikwe.

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya nane, anaeleza kwamba aliandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu juu ya fedha hizo. Kama mtume mwenyewe alijiwekea ulinzi huo, parokia zetu hazina sababu ya kuukwepa. Bei ya korosho hupanda na kushuka bila kutuuliza, lakini uaminifu wa daftari tunauamua wenyewe. Pale hesabu zinaposomwa wazi, mkulima hutoa hata mwaka wa bei mbaya, kwa kuwa anajua shilingi yake ya mwaka jana ilifanya kazi gani.