Uchovu Uko Kichwani au Kwenye Damu?

Umeamka saa 12 asubuhi. Kabla hata hujashuka kitandani umeshapiga hesabu: "Nimelala masaa 5 tu, leo nimekwisha." Sasa niambie: uchovu utakaousikia saa 4, kiasi gani utatoka kwenye usingizi uliokosa, na kiasi gani kwenye hesabu hiyo?

Mwaka 2014 Christina Draganich na Kristi Erdal wa Colorado College, Marekani, walichapisha jaribio kuhusu jambo hili. Waliwafunga wanafunzi vifaa vya kupimia, wakawaambia vinaonyesha usingizi wao wa jana ulikuwa wa namna gani. Ukweli ni kwamba majibu yale yalikuwa ya kubuni. Walioambiwa wamelala vizuri walifanya vizuri zaidi kwenye zoezi la kujumlisha namba harakaharaka kuliko walioambiwa wamelala vibaya.

Inawezekanaje? Ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye misuli, moyo na joto la mwili, unazichanganya na yale unayoyatarajia, halafu unakupa hisia moja: nimechoka. Ifikirie kama geji ya mafuta ya bodaboda. Imani yako inaweza kusogeza mshale. Ila haiongezi petroli kwenye tangi.

Na imani haifanyi kazi upande mmoja tu. Kuna inayokuchosha bure, na kuna inayokuficha kwamba tangi limekauka. Hii ya pili nimeiona kwa shangazi yangu kule Magoma, Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Kule kuna mashamba ya mahindi na ya mkonge, na ukisema umechoka utajibiwa, "Kazi hiyo." Shangazi alichoka miezi kadhaa. Yeye alishapata jibu: jua, jembe na umri. Jibu hilo lilimsaidia kuvumilia, na hilohilo ndilo lililomchelewesha. Alipoanza kuhema kwa kubeba ndoo ndogo ya maji, binti yake akampeleka kupima. Wingi wa damu ulikuwa gramu 7 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu wa damu.

Wala hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Visababishi ni vingi: chakula chenye madini chuma kidogo, malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito.

Kwa hiyo ukilala vibaya usiku mmoja, usijihukumu mapema. Anza kazi kwanza, uone mwili unasemaje. Lakini uchovu ukikaa wiki kadhaa na hauondoki hata ukipumzika, hasa ukija na kuhema, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au viganja kupauka, usibishane nao. Nenda kapime damu. Na mtu akikuambia amechoka, usikimbilie kumwambia "ni mawazo tu", wala "ni kazi tu".

Shangazi alipewa vidonge vya madini chuma na dawa ya minyoo. Bado analima, na bado anachoka. Tofauti ni kwamba siku hizi akikaa kivulini kidogo, uchovu unaondoka.