Kabla ya kulipia kisiwa, uliza maji yanakupwa saa ngapi

Disemba ikikaribia, kundi la WhatsApp la marafiki huanza kuwaka moto. Mmoja anataka Lamu, mwingine Zanzibar, wa tatu ametuma picha ya bembea katikati ya maji na hata hajui ilipigwa wapi. Kura inapigwa, mwenye kelele nyingi anashinda, na watu wanatuma pesa walizoweka akiba tangu Januari.

Ngoja kwanza. Picha haikuambii kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa, wala ni upepo gani uliokuwa ukivuma. Kisiwani, hayo mawili ndiyo huamua siku yako itakuwaje.

Chukua Unguja. Ufuo wa mashariki, kule Paje na Jambiani, una mchanga mweupe na maji ya kina kifupi hadi kwenye mwamba. Bahari ikikupwa, maji hurudi mbali sana, na pale ulipotarajia kuogelea unawakuta akina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Mambo huzidi wakati wa bamvua, siku za karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwa wanaopenda kuteleza majini wakivutwa na tiara, Paje ndiyo penyewe. Lakini kama form yenu ni kuogelea saa yoyote, elekeeni kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali hivyo. Na msisahau, hiyo ni safari ya nje ya nchi. Bebeni pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Lamu ni habari nyingine. Mji wake wa kale uliingia katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka 2001, na utamu wake ni vichochoro, punda, majahazi na kutembea pole pole. Ufuo mrefu uko Shela. Ukija kwa ndege unashukia Manda, ukija kwa basi unaishia Mokowe. Vyovyote vile, lazima uvuke kwa boti. Ni mji wenye heshima zake: watu huvaa kwa stara, na pombe si ya kuuzwa kila kona. Kama genge lenu linataka kukesha likidensi, mtarudi Nairobi mmenuniana.

Kwa wanaopenda kuona samaki, kuna Wasini, ng'ambo ya Shimoni kaunti ya Kwale. Karibu nacho ni hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, yenye matumbawe na pomboo. Wengi hulala Diani, wakaenda huko kwa siku moja. Bahari hutulia zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, mawimbi hukua, na anayeumwa na bahari atakesha akijuta.

Aprili na Mei ni masika. Bei hushuka, kweli, lakini hoteli kadhaa za pwani hufungwa na mvua inaweza kuwaweka chumbani siku nzima. Rahisi ina sababu yake.

Mkiwa na siku nne, chagueni kisiwa kimoja. Viwili kwa siku nne maana yake ni kulipia boti, teksi na kusubiri, kisha kusema mlifika.

Mwisho, bei. Ile inayotumwa kundini kwa kawaida ni ya chumba tu. Ongezeni nauli, boti, ada ya hifadhi, chakula na siku moja ya dharura, kisha mtume jumla yake kabla ya kura. Kila kundi lina mtu mmoja anayejibu "sawa" kwa kila kitu kwa sababu anaona haya, halafu anakopa kwa simu usiku wa kuamkia safari. Picha zitapendwa wiki moja. Yeye atakuwa akilipa deni hadi Aprili. Mpigieni simu kando, mmuulize kisiwa gani anakiweza. Hicho ndicho kiwe cha kwanza kwenye orodha yenu.