Diski Mbili na Slipu za Mama Mchuma Chai

Katika ofisi ya tawi letu, huku kwenye mashamba ya chai ya magharibi mwa Uganda, makabati ya chuma siku hizi yako nusu tupu. Kadi za wanachama, slipu za mshahara, barua za kuachishwa kazi na mikataba tuliyotia sahihi na waajiri, zote zimepigwa picha na kuwekwa katika diski ya nje, kile kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kuna na kisanduku cha pili. Kila mwisho wa mwezi hicho hutakiwa kupokea nakala ya yote yaliyomo katika cha kwanza.

Kwa miezi minne kazi hiyo haikufanyika. Si kwa uvivu wa katibu wetu. Kila alipoanza kunakili jioni, kompyuta ilimwambia kwamba zimebaki saa 9, na kila mara umeme ulikatika kabla ya kazi kwisha. Mwishowe alichoka. Ndipo akaja mama mmoja mchuma chai, anayelalamika kuwa michango yake ya NSSF ya miaka miwili haikupelekwa. Sheria inamtaka mwajiri atoe asilimia 10 na mfanyakazi akatwe asilimia 5. Yeye alikatwa, na slipu zinazothibitisha hivyo tulikuwa nazo. Lakini zilikuwa katika diski ya kwanza tu, na diski hiyo ilikuwa imeanza kugonga-gonga.

Tunawaeleza wenzetu wa matawi mengine tuliyoyakuta, kwa maana tunajua mashaka haya si yetu peke yetu.

Kwanza, waya. Waya uliokuja na diski ulikuwa umepotea, na katibu alitumia wa kuchajia simu. Unaingia vizuri na diski inafanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kitu. Kumbe tundu la diski ni pana, lina sehemu mbili, na waya wa simu hujaza sehemu moja tu. Hapo diski hurudi kwenye mwendo wa USB 2.0, yaani ule wa mwaka 2000, ambao kwa kweli hupitisha kama megabaiti 30 au 40 kwa sekunde. Waya kamili wa USB 3.0, mara nyingi wenye plastiki ya buluu ndani ya kichwa chake, huiacha diski ya kawaida ipite megabaiti 100. Tundu la kompyuta nalo lazima liwe la namna hiyo. Waya mzuri katika tundu la zamani haufai kitu.

Tena diski zote mbili zilichomekwa kwenye kigawanyio kimoja cha matundu manne. Yanayotoka katika diski moja na yanayoingia katika nyingine yalipita njia ileile nyembamba, na umeme wa tundu moja uligawanywa kwa wawili. Diski inayokosa umeme wa kutosha huweza kugonga-gonga kama iliyo mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa tulichomeka kila moja moja kwa moja kwenye kompyuta. Yetu iliendelea kugonga. Ilikuwa mgonjwa kweli.

Lakini waya pekee haukuweza kuleta saa 9, maana mzigo wetu ni gigabaiti 80 tu. Hesabu ni hii: wanachama 1,500, slipu 12 kwa mwaka, miaka 10, ni picha 180,000. Kila mchuma chai anajua foleni ya mizani. Gunia moja la kilo 50 hupimwa mara moja. Vikapu 50 vya kilo moja moja humfanya karani apime na kuandika mara 50. Diski ni karani huyo. Kwa kila faili ndogo mkono wake huenda kwenye daftari lake, huandika jina na mahali, kisha hurudi. Programu ya kuzuia virusi nayo husimama mlangoni ikikagua kila kikapu.

Jaribio ni rahisi. Nakili faili moja kubwa, kwa mfano video ya mkutano, ukitazama mwendo. Ikienda polepole kwa mwendo uleule, shuku waya au tundu. Ikienda mbio, tatizo ni wingi wa vikapu. Ikisimama kabisa, ikaenda, ikasimama tena, huenda diski inaumwa. Ziko pia diski za bei nafuu zinazoandika mistari ikipandana kama vigae vya paa. Hizo huanza kwa kasi kisha hulegea. Ziache zimalize.

Kwa diski inayoumwa hatukufanya matengenezo yoyote, kwani programu za kutengeneza huizidishia kazi. Tulitoa kwanza slipu 24 za yule mama, kisha mikataba, kisha mengine mwaka kwa mwaka. Tulitumia robocopy, programu iliyomo ndani ya Windows. Umeme ukikatika, ukiianza upya huziruka faili zilizokwisha kunakiliwa. Ilichukua siku mbili. Slipu za mwezi mmoja wa mwaka 2016 hazikutoka kabisa, na wanaohusika tumewaarifu.

Sasa picha za kila mwezi tunazifunga kuwa furushi moja ndani ya kompyuta, ndipo tunapeleka furushi hilo katika diski mbili, ile ya pili na mpya tuliyonunua kwa fedha za tawi. Furushi moja la mwezi huchukua sekunde chache. Kabla ya kuondoka tunalifungua palepale kwenye diski na kutazama picha mbili tatu.

Mama yule amekwisha kwenda kwa Ofisa wa Kazi na slipu zake 24 zilizochapwa. Madai yake bado hayajaamuliwa. Diski moja hukaa ofisini, nyingine nyumbani kwa mweka hazina, pamoja na waya wake uliofungwa kwayo kwa kamba.