Notisi, Kukoma kwa Matunzo na Kufungwa: Istilahi za Mwisho wa Zana za Kompyuta

Madhumuni ya makala haya ni kuzipambanua istilahi tatu zihusuzo mwisho wa zana wanazozitumia watunga programu, ziwe ni zana za wingu, za simu za mkononi au za wavuti. Zana hizo hazikai katika hali moja. Makampuni yanayozitengeneza hutoa matangazo ya mabadiliko mara kwa mara, na matangazo hayo, ambayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, hulazimu kufasiriwa kwa ajili ya ofisi na vyuo.

Istilahi za mwanzo wa zana hazina matata makubwa. Toleo la majaribio, toleo rasmi na sasisho ni maneno yanayoeleweka. Matata yapo katika mwisho. Hapo matangazo hutofautisha hatua tatu, ilhali mfasiri huvutwa kuzieleza zote kwa neno moja, yaani kufutwa.

Hili si suala la ufasaha tu. Mkuu wa ofisi akiambiwa kwamba zana fulani imefutwa, kumbe ingali inafanya kazi, huenda akaagiza mfumo mzima ubadilishwe kwa haraka na kwa gharama isiyo ya lazima. Kinyume chake, akiambiwa kwamba zana haipendekezwi tu, kumbe imekwisha kuwekewa tarehe ya mwisho, ataitia barua jaladani. Na siku hiyo itakapowadia, wananchi watakosa huduma. Kwa hiyo kila hatua yafaa iwe na jina lake.

Hatua ya kwanza ni ile ambayo mtengenezaji hutangaza kwamba zana isitumiwe katika kazi mpya. Neno la Kiingereza linalotumika hapa lina asili ya Kilatini yenye maana ya kuomba jambo liepushwe. Kulitafsiri kwa kuifuata asili hiyo hakutatusaidia. Kutopendekezwa ni istilahi hafifu, maana hueleza maoni bila ya kuonyesha kwamba mwisho umekusudiwa. Kuachishwa lina uzuri wake, kwa kuwa mtoto huachishwa ziwa polepole. Lakini katika lugha ya ofisini kuachishwa ni kuachishwa kazi.

Sisi tunapendekeza kupewa notisi. Mpangaji aliyepewa notisi bado yumo nyumbani, ufunguo anao na taa yake inawaka. Ila si wakati wake wa kununua makabati mapya. Ndivyo ilivyo zana iliyopewa notisi. Yafaa pia kutaja kama notisi hiyo ina tarehe au haina. Katika lugha ya Java, baadhi ya njia za zamani za kusoma mwaka, mwezi na saa zilipewa notisi mwaka 1997, na hadi leo zingali zimo. Hiyo ni notisi isiyo na tarehe.

Hatua ya pili tunaiita kukoma kwa matunzo. Hapa mtengenezaji huacha kurekebisha makosa na kuziba mianya ya usalama, lakini nakala zilizomo katika kompyuta za watu huendelea kufanya kazi. Mfano ulio wazi ni Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Hapo kwanza mwisho wake ulipangwa kuwa mwaka 2015, kisha ukasogezwa mbele. Programu zilizotungwa kwa lugha hiyo hazikuzimika asubuhi ya siku ile. Zilibaki mithili ya nyumba isiyo na fundi: mtu aweza kuishi humo, lakini paa likivuja hana wa kumwita.

Hatua ya tatu ni kufungwa, na hapa ndipo wingu linapoleta tofauti kubwa. Huduma ya wingu haimo katika kompyuta ya mtumiaji. Imo katika mitambo ya mtoa huduma, nasi huifikia kwa njia ya mtandao. Kwa sababu hiyo mtoa huduma akiifunga, hapana nakala inayobaki mkononi mwa mtumiaji. Firebase Dynamic Links, huduma ya Google iliyotengeneza viungo vya kumpeleka mtu kutoka kwenye wavuti hadi ndani ya programu ya simu, ilifungwa tarehe 25 Agosti 2025 baada ya notisi kutolewa mapema. Kwa huduma ya namna hii, kiungo kilichokwisha kuchapishwa katika bango au kitabu hakiwezi kuokolewa na mwenye bango.

Hatua zote tatu zaweza kuonekana katika historia ya Flash Player ya kampuni ya Adobe, iliyotumiwa kuonyesha michezo na picha zitembeazo katika wavuti. Notisi ilitolewa Julai 2017. Matunzo yalikoma tarehe 31 Desemba 2020. Kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ilizuia michezo na picha hizo zisionyeshwe, hata kwa mtu ambaye nakala yake ilikuwa bado kwenye kompyuta. Mfasiri ambaye angeandika kufutwa katika tarehe zote tatu angewanyima wasomaji wake muda wa zaidi ya miaka mitatu ya kujitayarisha.

Neno kufutwa lenyewe tusilitupe. Tunashauri libakie kwa taarifa zilizohifadhiwa, kwani huduma yaweza kufungwa leo na taarifa zake zikafutwa baadaye. Ofisi yenye kumbukumbu humo inapaswa kuzijua tarehe zote mbili.

Kabla ya kuchagua istilahi, basi, mfasiri na ajiulize maswali matatu: Je, zana ingali inafanya kazi? Je, yuko anayeitunza, na mpaka lini? Je, nakala iko kwetu au kwa mtoa huduma? Majibu yasipopatikana katika tangazo, ni heri kumwuliza fundi wa ofisi kuliko kubahatisha.

Tunawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale watakapoona kwamba neno notisi halitoshi.