Michezo ya watoto wadogo

Michezo ya watoto wadogo ni shughuli ambazo mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 3 huzifanya kwa kukimbia, kushika, kumwaga, kupanga vitu na kuiga watu wazima. Mtoto wa umri huu ana nguvu nyingi, lakini hudumu kwenye jambo moja kwa dakika chache tu. Kutotulia kwake si utovu wa adabu, ndivyo anavyojifunza.

Mahitaji ya mwili

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa mwaka 1 au 2 apate walau dakika 180 za kujongea kwa siku, na asifungwe mgongoni au kitini zaidi ya saa 1 mfululizo. Mtoto wa mwaka 1 hashauriwi kutazama televisheni wala simu. Wa miaka 2 asizidishe saa 1 kwa siku.

Vifaa na shughuli

Vifaa vya kununua si lazima. Katika kata ya Pongwe, jijini Tanga, kama kwingine pwani, nyumbani mna vifuu vya kuchotea mchanga, magunzi ya kupanga, sufuria na mwiko wa kupigia ngoma, mpira wa matambara na kititia cha ukuti kinachozungushwa na upepo. Mtoto akichoka na kimoja, kifichwe kwa siku kadhaa. Kikirudi huwa kipya kwake.

Mtoto hupenda pia kazi. Anaweza kuosha kikombe cha plastiki, kupeleka vijiko jamvini au kufagia kwa ufagio mfupi. Kazi huchelewa, lakini mtoto hushughulika na mlezi huendelea na yake. Pongwe kuna kiwanda cha saruji, mtoto akisema "gari", mlezi huongeza: "Gari kubwa limebeba saruji." Hivyo msamiati hukua.

Jioni, watoto wakubwa humshirikisha mdogo katika Ukuti Ukuti, mchezo wa kushikana mikono na kuzunguka huku wakiimba.

Usalama

Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika ndoo yenye maji kidogo, hivyo mchezo wa maji huhitaji mtu mzima aliye karibu, na ndoo humwagwa mara baada ya mchezo. Jiko la mkaa, mafuta ya taa, betri ndogo, sarafu na mbegu viwekwe asipofikia. Mtoto mkubwa anaweza kucheza naye, lakini asiachiwe jukumu la kumlinda barabarani au karibu na mashimo ya machimbo.

Sheria na sera

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inataja kucheza na kupumzika kati ya mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoandaliwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, inahusu watoto wa miaka 0 hadi 8. Nguzo zake ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.