Majumba ya River Road Nayo ni Turathi

Mtu akitaja majumba ya kale nchini, aghalabu fikira zetu hukimbilia pwani. Hutajwa mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, au Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyofuata mwaka wa 2011. Ni haki yake. Hata hivyo, mwalimu wa Nairobi anayewachangisha wanafunzi nauli ya kwenda huko yamkini hupita kila asubuhi chini ya historia nyingine asiyoiona, kwa kuwa imefunikwa na mabango ya simu.

Nazungumzia River Road. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, wafanyabiashara Wahindi waliifuata. Soko lao la awali liliteketezwa kwa amri ya serikali tauni ilipozuka mwaka wa 1902. Waliojenga baadaye walijenga kwa mawe: duka chini, makao ya familia ghorofani, na juu kabisa ya ukuta wa mbele, jina la mwenye nyumba au mwaka wa ujenzi. Neno "duka" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Wahindi nao walikuwa nalo. Sisi leo tunalitamka kana kwamba lilizaliwa Murang'a.

Majina hapa yana ukaidi wa ajabu. Government Road ilipata kuwa Moi Avenue, na Victoria Street ikawa Tom Mboya Street, lakini utingo wa matatu bado anaita "Khoja" kwa sauti kuu. Jina hilo linatokana na msikiti wa Waismailia uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na asili yake ni neno la Kiajemi la heshima, lenye maana ya bwana. Si mbali na hapo, barabara iliyoitwa Grogan Road ni Kirinyaga Road siku hizi. Huko ndiko Kiburi House ilikokuwa kitovu cha KAU na vyama vya wafanyakazi, kabla ya serikali ya kikoloni kukipiga KAU marufuku mwaka wa 1953. Watawala wa wakati huo, laiti wangalijua Kiswahili vyema, wangaliona jina hilo kuwa tusi!

Wala historia ya River Road haikukomea ukoloni. Katika miaka ya 1970 santuri za benga ziliuzwa humu kwa wingi, Meja Mwangi akaitungia riwaya mwaka wa 1976, na baadaye filamu za bei nafuu zikapewa jina la Riverwood.

Je, ni nani anayeyalinda majumba haya? Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka wa 2006 inamruhusu waziri kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, ina sheria yake pekee tangu 1938. Lakini hiyo ilikuwa maktaba ya Wazungu. Duka la fundi cherehani halina mtetezi wa aina hiyo. Mwenye kiwanja huona faida katika ghorofa kumi, na kwa hesabu yake hakosei. Sidai kwamba kila ukuta wenye nyufa uhifadhiwe. Mingine ni hatari kwa wapangaji. Nadai tu kwamba jengo lisibomolewe kabla ya kuandikwa.

Umma ukijua thamani ya kitu hukitetea. Mwaka wa 1991 palikuwa na mpango wa kujenga katika bustani ya Jeevanjee. Zarina Patel, mjukuu wa mwenye jina hilo, aliongoza upinzani, na bustani ikabaki.

Walimu wenzangu wa Historia na Kiswahili wanaweza kuwapa wanafunzi kalamu na daftari, wanakili majina na miaka iliyo kwenye majumba hayo, kisha wawahoji wenye maduka. Waanze na maandishi ya juu ya paa. Ya chini yamekwisha kupakwa rangi.