Shuka ya Mgonjwa

Ndugu, ninyi mnaomtunza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, angalieni shuka yake. Shuka fupi huchomoka chini ya godoro na kufanya mikunjo. Mikunjo hiyo hukandamiza ngozi ya matako na visigino, damu haipiti vema, na kidonda huanza. Basi pimeni kabla ya kununua kitambaa. Godoro lenye upana wa sentimeta 90 na unene wa 12 lataka shuka ya upana wa 174: 90 za juu, 12 za ubavu kila upande, na 30 za kukunja chini kila upande. Urefu vivyo hivyo. Merikani mpya ifueni kwanza, maana hupungua majini. Nailoni haifai, jasho hubaki ngozini. Vuteni watu wawili, pembe kwa pembe, na mgonjwa mgeuzeni kila baada ya saa 2, hata usiku.